Mheshimiwa Sungura na Sheria ya Kuingia kwa Uso

Mwaka ule mvua ililisusa Bonde la Kichuguuni, ikapita mbali kama mgeni aliyeudhiwa harusini. Nyasi ziligeuka rangi ya majivu, mto ukabaki jina tu, na wanyama wakawa wanalamba umande asubuhi na kuuita chai. Sogeeni basi tumfuate Bi Ngiri, maana yeye aliyaona yote, kwa macho mawili na chonge nne.

Bi Ngiri alikuwa mama wa watoto watatu na mwenye kichwa kigumu kuliko kichuguu. Hakuwa na maneno matamu. Jua likichelewa kutua alilisema, likiwahi kutua alilisema pia. Alipenda mambo yafanywe kama mama yake alivyoyafanya, na mama yake alikuwa amependa vivyo hivyo.

Kati ya hayo yote, lililokuwa kubwa ni namna ya kuingia nyumbani. Wakazi wote wa Kichuguuni waliishi mashimoni: Ngiri, Pimbi, Muhanga, Nungunungu na Sungura. Kila jioni Kanga alipanda juu ya kichuguu akapiga kelele, "Kaeni chonjo! Kaeni chonjo!" Hapo watoto huingia kwanza, mbio, kichwa mbele. Kisha mkubwa wa nyumba hugeuka, hurudi kinyumenyume, taratibu, mpaka uso wake ubaki mlangoni ukitazama nje.

"Mgongo kwa nyumba, uso kwa dunia," Bi Ngiri aliwafundisha wanawe.

"Kwa nini, mama?" aliuliza kitindamimba, Kibwiko, aliyeuliza kwa nini hata alipopewa kiazi.

"Kwa sababu mgongo hauna meno."

Ng'ambo ya mto uliokauka aliishi Fisi. Maisha yake yote, Fisi hakuwahi kuona mlango wa Kichuguuni usio na meno. Puani alikuwa na kovu refu, kumbukumbu ya siku alipokwenda kumsabahi Bi Ngiri bila kubisha hodi.

Sasa, Simba, mkubwa wa bonde, alikuwa na majivuno kiasi kwamba hakuitikia salamu ya mnyama yeyote asiyemfikia magoti. Kiangazi kilipozidi, wadogo wakawa wanamlilia kila siku habari ya maji, naye akachoka kujifanya hasikii. Akatangaza, "Nitateua Msemaji wa Bonde. Yeye atasema nanyi kwa niaba yangu, na atakunywa maji kwenye dimbwi langu. Atakayeshangiliwa zaidi ndiye."

Kusikia neno "dimbwi," Sungura akachomoka shimoni kama aliyemwagiwa upupu.

Zamani hizo Sungura alikuwa na mkia mrefu, mweupe, laini kama pamba. Kila alipohutubia aliupeperusha juu ya kichwa chake, na wanyama wakawa wanautazama mkia, wakisahau kusikiliza maneno. Siku ya mkutano alimletea Simba kibuyu cha togwa. Akakionja yeye kwanza mbele ya watu wote, kama desturi ya Kichuguuni ilivyotaka: mleta kibuyu huonja kwanza, ndipo wengine wanywe. Simba akanywa, akajilamba, akaketi kama picha yake mwenyewe.

"Ndugu zangu!" Sungura alianza, mkia juu. "Leo sikuja kuwalaumu. Nimekuja kuwauliza tu. Jirani yetu Fisi akipita jioni milangoni petu, anaona nini?"

"Meno!" walijibu.

"Meno! Meno kwa Pimbi, meno kwa Muhanga, meno kwa Bi Ngiri, tena ya Bi Ngiri yamepinda! Ndugu zangu, huo ndio ukarimu? Tumemhukumu Fisi kabla hata hajatula!"

"Huyo alishamla shangazi yangu," alisema Pimbi.

"Pole sana, ndugu. Lakini alikuwa na njaa. Na njaa hiyo ilitoka wapi? Ilitoka kwenye milango yetu iliyofungwa!" Mkia ukapepea kulia, ukapepea kushoto. "Mimi nimevuka mto nikazungumza naye. Ameniambia kwa machozi kwamba kule kwake liko dimbwi la maji, tele, baridi. Yuko tayari kutugawia. Anaomba kitu kimoja tu: tuache kumtukana kwa nyuso zetu. Tuingie nyumbani kama wastaarabu, uso mbele, na migongo yetu imwambie: jirani, tunakuamini!"

Wanyama waliposikia "maji, tele, baridi," ndimi zao zilitoka nje zenyewe.

Bi Ngiri akanyanyua pua. "Mheshimiwa, naomba kuuliza. Dimbwi hilo umeliona?"

"Bi Ngiri, suala la dimbwi ni suala pana. Tutaliundia kamati."

"Sikuuliza upana wake. Nimeuliza kama umeliona."

"Mnaona?" Sungura aliwageukia wengine kwa huruma. "Hiyo ndiyo hofu ninayoisema. Tusimkasirikie. Amelelewa hivyo."

Kikapita kicheko. Nungunungu, aliyekuwa ameketi mbele, akatikisa miba yake. "Mimi naiunga mkono sheria hii mia kwa mia," alisema. "Sioni ubaya wowote wa kumpa Fisi mgongo."

"Mgongo wako una miba mia tatu," Bi Ngiri alimwambia.

"Hayo ni mambo yangu binafsi," Nungunungu alijibu.

Sungura akashangiliwa mpaka vumbi likafunika jua, akawa Msemaji. Jioni ile ile ikawa sheria: kila mnyama ataingia shimoni kwa uso. Kanga akaambiwa aache kupaza "Kaeni chonjo," kwa kuwa maneno hayo yanaeneza hofu, badala yake aimbe "Karibuni." Maskini Kanga alijitahidi. Lakini koo la kanga ni koo la kanga, na wimbo wake wa kukaribisha ulitoka kama sufuria inayoanguka ngazini. Na watoto, Sungura aliongeza, wasifundishwe tena upande wa kuingia. Wakue, wachague wenyewe.

"Mimi nachagua kuingia kwa juu," Kibwiko alisema siku ile, akajaribu kutoboa paa la nyumba. Mama yake akamshusha kwa sikio.

Siku za kwanza zilikuwa za vicheko. Pimbi aliingia kwa uso, akakuta mke wake naye anatoka kwa uso, wakagongana vipaji vya uso wakalala njaa kwa maumivu. Kisha asubuhi moja Muhanga akatoka shimoni akiwa na nusu ya mkia.

Wote wakakimbilia kwa Msemaji. Sungura, ambaye sasa aliitwa Mheshimiwa na alikuwa na maji masharubuni kutoka dimbwi la Simba, alimtazama Muhanga kwa majonzi makubwa.

"Hilo ni tukio la pekee," alisema. "Lisichanganywe na siasa."

"Lakini mkia wangu!" alilia Muhanga.

"Tazama nusu iliyobaki, ndugu yangu. Huko ndiko kuwa na matumaini."

"Aliyeula ni Fisi! Nilimsikia akicheka nyuma yangu!"

"Je, ulimwona kwa macho?"

"Ningemwonaje? Uso wangu ulikuwa ndani, kama ulivyotuagiza!"

"Basi tusimzushie mtu," alisema Mheshimiwa, akaifunga kesi. Ng'ambo ya mto Fisi alicheua kwa sauti kubwa, akaomba radhi kwa adabu sana.

Jioni hiyo Bi Ngiri alikuwa akichimbua mizizi akiwa amepiga magoti, kama ngiri wote wafanyavyo, nyuma ya kichaka kilicho karibu na nyumba ya Sungura. Akamwona Mheshimiwa anarudi kutoka dimbwini, tumbo kama ngoma. Sungura akafika mlangoni pake. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akasimamisha masikio, yote mawili. Kisha, haraka kama kope, akageuka na kuingia kinyumenyume, na ncha mbili za masikio zikabaki mlangoni zikilinda.

"Aa," alisema Bi Ngiri kimoyomoyo. "Kumbe mpishi hali chakula chake." Akaendelea kutafuna mzizi wake, tena kwa raha.

Yeye mwenyewe hakuwa ameibadili desturi hata siku moja. Aliingia kinyumenyume mbele ya yeyote, tena akilalamika. Na ndiye peke yake, ukimwondoa Nungunungu, aliyelala bila kuuhofia mkia wake. Jambo hilo likaanza kuonekana. Pimbi alikuja kumuuliza kwa minong'ono kama angeweza kugeuka kidogo tu, nusu nusu, uso mmoja ndani na jicho moja nje. Muhanga naye akaacha kumsalimia Mheshimiwa.

Fisi akawa na njaa, na Sungura akawa na wasiwasi. Walikutana mtoni wakaongea kwa kichwa karibu na kichwa. Kesho yake Sungura akamwita Simba na wanyama wote mbele ya nyumba ya Bi Ngiri, Fisi akiwa amealikwa kama mgeni wa heshima, amechanwa manyoya na kuvalishwa ua.

"Simba Mtukufu," Sungura alisema, "bonde zima linapendana, isipokuwa nyumba hii. Fisi ameniambia waziwazi: madhali uso huu uko mlangoni, moyo wake unauma, na hawezi kutugawia maji. Kiu yetu yote, ndugu zangu, inatoka kwenye chonge hizi nne!"

Manung'uniko yakapita. Mwenye kiu hupenda kuambiwa kiu yake imetoka kwa nani.

"Ninaumia, jirani," Fisi aliongeza, akiwatazama watoto watatu wa Bi Ngiri mmoja baada ya mwingine, kama anayechagua embe sokoni. "Wamenona, maskini. Nilitaka kusema, wamekua."

Simba akasafisha koo. Hakumtazama Bi Ngiri, maana mama huyo hakumfikia magoti vizuri. Alitazama mawingu yasiyokuwapo. "Bi Ngiri ataingia kwake kwa uso, sasa hivi, mbele yetu. La sivyo, ahame Kichuguuni na wanawe kabla jua halijatua."

Bi Ngiri akayapima yote mawili. Kuhama kiangazi kile, na watoto watatu, kwenye uwanda usio na shimo wala kivuli, kulikuwa ni kuwapeleka sahanini. Na kuingia kwa uso, Fisi akiwa nyuma yake hatua chache, kulikuwa sahani ile ile, ila imeletwa nyumbani. Kibwiko alijisogeza chini ya tumbo lake.

"Mama," alinong'ona, "kwa nini huyu bwana ana ua?"

"Nyamaza, mwanangu. Mama anafikiri."

Akafikiri. Macho yake yakatua kwenye kibuyu kilichoning'inia shingoni mwa Simba, kile cha togwa, ambacho tangu siku ya mkutano Simba alikivaa kama nishani.

"Simba Mtukufu," alisema, akapiga magoti vizuri sana, jambo ambalo kwa ngiri si kazi. "Mimi ni mshamba, nimelelewa hivyo. Nitaingia kwa uso. Naomba tu tusivunje heshima yako."

"Heshima yangu?" Simba aliacha kutazama mawingu.

"Siku ya mkutano Mheshimiwa alikuletea kibuyu. Nani alionja kwanza?"

"Yeye. Ndiyo desturi. Mleta kibuyu huonja kwanza. Kunywa kabla ya mletaji ni kufanywa mjinga, na mimi sifanywi mjinga."

"Hakika. Basi sheria hii ya uso ni kibuyu, na mletaji ni Mheshimiwa. Lakini, mtukufu, nani kati yetu amewahi kumwona akiingia kwa uso? Wewe umemwona?"

Simba akakunja uso. "Sijamwona."

"Nami sijamwona," alisema Pimbi.

"Wala mimi," alisema Muhanga, akishika nusu yake.

"Basi aonje," alisema Bi Ngiri. "Fisi asimame nyuma yake, kama jirani anayeaminiwa. Kisha nitafuata mimi, na wanangu."

Sungura akacheka kicheko chembamba. "Ndugu zangu, kwa moyo mmoja kabisa ningependa. Ila leo nina kikohozi."

"Kikohozi hakiingilii mlango," alisema Bi Ngiri.

"Mguu pia. Huu hapa. Hapana, huu."

"Utaingia kwa uso, Mheshimiwa, si kwa mguu."

"Pengine tuanze kwa wimbo? Kanga, hebu tuimbie 'Karibuni.'"

"Tafadhali, asiimbe," alisema Simba kwa haraka. Akasimama. Kila alipodhani anafanywa mjinga, manyoya ya shingo yake yalipanda moja moja. "Mheshimiwa. Onja."

Wote wakaandamana mpaka mlangoni pa Sungura. Fisi aliwekwa nyuma yake. Alikuwa hajala tangu ule mkia wa Muhanga, na sasa mbele ya pua yake, karibu kabisa, kulikuwa na kitu kirefu, cheupe, laini, kinachotetemeka. Mate yakaanza kulowesha ua.

Sungura akageuza kichwa, akamkazia jicho. Akapunguza sauti, lakini mwenye hofu hajui kupunguza sauti. "Fisi. Kumbuka."

"Nakumbuka, jirani," Fisi alimeza mate. "Nakumbuka sana."

Sungura akaingiza pua. Akaingiza masikio. Akaingiza mabega. Nje ukabaki mkia peke yake, ukipepea kwa mazoea, kama unaohutubia.

Jamani, fisi ni fisi.

"Kwap!" Meno yakaufunga mkia.

Mlio uliotoka shimoni ulimwangusha Kanga kutoka juu ya kichuguu. Na baada ya mlio yakatoka maneno, makubwa, wazi, kila mmoja akayasikia kama yanatoka tumboni mwa ardhi:

"Mlafi wewe! Tulikubaliana ule WAO! Mimi nisiguswe! Tulikubaliana!"

Vichwa vyote vikamgeukia Fisi.

"Mlikubaliana nini?" aliuliza Simba, polepole.

Fisi, mdomo umejaa pamba, hakujua kudanganya na kutafuna kwa wakati mmoja. "Yeye apate usemaji," alisema, "na mimi nipate migongo. Lakini jamani, huu ulikuwa umesogezwa mno."

"Na dimbwi?" aliuliza Bi Ngiri. "Maji tele, baridi?"

Fisi akameza. Akafikiri kwa bidii yake yote, ambayo haikuwa nyingi. "Dimbwi lipi?"

Simba hakunguruma kwa sababu ya Muhanga, wala kwa sababu ya watoto wa ngiri. Alinguruma kwa sababu alikuwa amefanywa mjinga mbele ya Pimbi. Lakini ngurumo ni ngurumo, na ile ilimrusha Fisi hadi ng'ambo ya mto bila kugusa mchanga, ua likabaki hewani likimtafuta mwenyewe. Bi Ngiri, asiye na maneno matamu, alimsindikiza kwa chonge zote nne hadi ukingoni.

"Karibu tena, jirani!" alimwambia. "Ila utapokewa kwa uso!"

Usemaji ukafutwa. Simba, akitaka sana jambo lile lisahaulike, akafungua dimbwi lake wadogo wanywe jioni kwa zamu, kila mmoja, hadi mvua itakapotuliza hasira. Nayo ikatulia ilipotaka yenyewe, bila kuuliza kamati.

Sungura alikaa ndani kwa aibu mpaka njaa ikamtoa. Alipotoka, ule mkia uliopepea kila mahali ulikuwa umebaki kifundo, kama pamba iliyosahauliwa sikioni. Mpaka leo ndio huo, na ndiyo maana hamwoni sungura akihutubia.

Jioni ile aliyotoka Sungura, Kanga alipanda tena juu ya kichuguu, akasafisha koo lake baya, akapaza sauti, "Kaeni chonjo! Kaeni chonjo!" na wote wakakubaliana kwamba hakuna wimbo mtamu kuliko ule. Watoto wa Bi Ngiri wakaingia mbio, kichwa mbele. Mama yao akageuka, akaanza kurudi kinyumenyume, akilalamika kwamba jua limewahi kutua.

Kwenye mlango wa jirani, kiumbe mmoja mwenye masikio marefu naye alikuwa akirudi kinyumenyume, taratibu, kwa sababu ya kidonda. Macho yakakutana.

"Jioni njema, Mheshimiwa," alisema Bi Ngiri.

"Jioni njema, Bi Ngiri," alijibu Sungura, akatazama pembeni.

"Mama," sauti ya Kibwiko ilitoka nyuma yake, gizani, "kwa nini mjomba Sungura analia? Si yeye mwenyewe aliyesema kuumwa mkia ni matumaini?"

Bi Ngiri alicheka mpaka vumbi likaanguka kutoka darini, kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze. Nasi tunaowasikia kutoka nje tunaifahamu sababu, maana wahenga walishasema: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu.